Mchango wa Jokha wa Bwejuu

Jokha binti Hasan hakuwahi kuajiriwa na mtu. Tangu alipoachika akiwa bado kijana, alikula kwa mikono yake mwenyewe. Alichemsha udi wa sukari, akauchanganya na marashi ambayo hakumtajia mtu majina yake, akawauzia maharusi wa mjini. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya marehemu mama yake, Mkunazini, na harufu ya biashara yake ilikwisha kuingia kwenye kuta, kwenye mapazia, hata kwenye mkate aliokula asubuhi.

Hakujaaliwa mtoto. Alipofika umri ambao macho huanza kukataa kutunga uzi, aliona heri ajitengenezee uzee wake mapema, akajiunga na Mfuko wa Stara, mfuko wa akiba ya uzeeni unaopokea watu wa kazi zote, walioajiriwa na wanaojitegemea. Kila mwaka, msimu wa harusi ukipoa, alipeleka alichojaliwa. Mwaka huo harusi zilikuwa nyingi mno. Alifunga bahasha yake kwenye mtandio, akavaa buibui, akenda zake ofisini, Mlandege.

Nyuma ya kaunta alikuwapo Shadya, binti mchangamfu aliyemzoea.

"Shikamoo, Bi Jokha."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kutia."

Shadya akabonyeza kompyuta yake, akatazama, akabonyeza tena. Uso wake ukakunjana kidogo.

"Bi Jokha, mwaka huu huna nafasi. Iliyobaki ni ndogo sana."

"Nafasi gani?"

"Kila mwanachama ana kikomo chake cha mwaka, si unajua? Hatupokei zaidi ya hapo. Sasa mtu akiwa ameajiriwa, tunahesabu kwanza kile anachokatwa kwenye mshahara, tukajumlisha na kile anachomtilia mwajiri wake. Kinachobaki mpaka kufikia kikomo ndicho anachoruhusiwa kutia mwenyewe kwa hiari yake. Na wewe ya kazini imekula karibu yote."

"Ya kazini wapi?"

"Hotelini. Bwejuu."

Jokha akacheka. "Mwanangu, mimi nachemsha udi. Hiyo hoteli ya Bwejuu siijui hata lango lake."

Shadya hakucheka. Aligeuza kioo cha kompyuta ili naye aone, ingawa Jokha bila miwani hakuona ila mistari. "Jina ni lako. Tarehe ya kuzaliwa ni yako, na nambari ya kitambulisho ni yako. Hoteli ilipata wenyewe wapya mwaka huu, wakawaandikisha wafanyakazi wao wote kwetu, na wewe umo. Mchango wa mwezi uliopita umeingia Jumatatu."

"Kwa hiyo huyo mtu yupo, anafanya kazi mpaka leo."

"Yupo. Maiti hachangii, Bi Jokha."

Shadya aliyasema hayo kwa mzaha, kumpoza mteja wake. Hakujua kwa nini yule mama alishika ukingo wa kaunta.

"Kama kuna mtu anatumia kitambulisho chako hilo ni kosa kubwa," Shadya akaendelea. "Lalamika, tutapeleka mtu huko huko akamkamate. Na hiyo michango ikishatolewa jinani mwako, nafasi yako itarudi."

"Ngoja kwanza," Jokha akasema. "Usipeleke mtu."

Akarudi nyumbani na bahasha yake vile vile ilivyofungwa.

Kitambulisho cha Jokha kilipotea mara moja tu katika umri wake, na hakikupotea kwa bahati mbaya. Alikitoa yeye mwenyewe, mkononi mwake, akampa mdogo wake, Rasha.

Hayo yalikuwa ya miaka tisa nyuma. Rasha alikuwa mke wa Zahran, mwenye duka la vitambaa Darajani, mtu wa swala tano na maneno laini mbele za watu. Ndani ya nyumba alikuwa mwengine. Rasha alikwisha kukimbilia kwa mama yake mara mbili, na mara mbili wazee wa ukoo walikaa, wakanywa kahawa, wakamrudisha. Mara ya tatu hakwenda kwa wazee. Alimjia dadake kwa mlango wa nyuma, jicho moja limevimba, akasema anataka kwenda Pemba kwa shangazi yao, lakini Zahran amefungia vitambulisho vyake, na tiketi ya boti haiuzwi bila kitambulisho. Ndugu hawa wawili walifanana kama waliokatwa kitambaa kimoja. Jokha akachukua kitambulisho chake kabatini, akampa.

Boti lile halikufika Pemba. Siku ya pili yake redio ilisoma majina ya abiria waliopotea, na jina la Jokha binti Hasan likasomwa. Majirani walikuja kumlilia, wakamkuta amekaa barazani. Ilimlazimu kwenda bandarini mwenyewe, katika ule umati wa watu waliokuwa wakililia watu wao, amwambie ofisa: "Mimi nipo hai. Aliyesafiri kwa jina langu ni mdogo wangu." Kwa maneno hayo alijitoa yeye katika orodha ya waliokufa, akamtia Rasha. Maiti haikuonekana. Walimsalia bila mwili. Zahran alilia msikitini mpaka watu wakamshika mabega, na Jokha akapewa kitambulisho kipya chenye nambari ile ile ya zamani.

Sasa alikaa chumbani mwake, jungu la udi limepoa mbele yake, na mambo madogo madogo yakaanza kumrudia. Mteja mmoja aliwahi kumnunia: "Juzi nlikuona Bwejuu nkakusalimia, ukanipita kama hunijui." Alimjibu kwamba amemfananisha. Dereva mmoja wa watalii alimwambia maneno kama hayo hayo sokoni, akamcheka. Mara ngapi? Hakukumbuka. Alijua tu kwamba kwa miaka yote hiyo palikuwa na mwanamke ufukweni kule, ana uso wake na jina lake, na yeye hakuwahi kugeuka kumtazama.

Aliogopa. Bibi yake alikuwa akisimulia kwamba aliyekufa maji bila kuoshwa huchukuliwa umbo lake na wengine, wasio watu, wakatembea nalo. Jokha hakuwa mtu wa kuyashika hayo, lakini mchana ule, jua likiwaka na watoto wakipiga kelele uchochoroni, hakuthubutu kuingia chumba cha nyuma alimokuwa akilala Rasha usichana wake.

Alitafuta nambari ya simu ya hoteli, akapiga. Akapokea kijana mwanamme.

"Namtaka Jokha," akasema, na ulimi ukawa mzito kulitamka jina lake mwenyewe.

"Bi Jokha yuko jikoni, anaoka mikate. Nimwite?"

Jokha akaiondoa simu sikioni, akairudisha.

"Nimwambie nani anamtaka?"

Akakata simu.

Siku ya tatu yake alikwenda. Alifika Bwejuu kabla ya adhuhuri, maji yamekupwa, ufukwe mweupe hautazamiki kwa mwanga. Mlinzi wa lango la hoteli, mzee aliyevaa sare iliyompwaya, alimtazama akatabasamu.

"Leo umepita mbele, Bi Jokha? Umepata cheo?"

Halafu akamtazama vizuri. Tabasamu likaondoka. Aliangalia viatu vyake, akaangalia tena uso, akarudi nyuma hatua moja bila kujijua, akatoa simu yake akanong'ona nayo.

Aliyekuja hakuwa Rasha. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mkono mmoja una unga, akajitaja kuwa ni Wanu, mzaliwa wa hapo Bwejuu, mpishi.

"Wewe ndiye mwenye jina," Wanu akasema, wala halikuwa swali. "Nlijua utakuja siku moja. Nifuate, usiseme na mtu njiani."

Akampitisha nyuma ya mapipa ya maji na kamba za kuanikia mashuka, mpaka kwenye safu ya vyumba vya wafanyakazi. Akagonga mlango, akaufungua kidogo, akaondoka zake.

Mle ndani mlikuwa na vitanda viwili na dirisha moja. Juu ya kitanda kimoja alikaa mwanamke, mikono yake mapajani. Alikuwa amekonda na jua limemkausha, na juu ya nyusi yake ya kushoto palikuwa na ule mkato mdogo alioupata akiwa mtoto, alipoanguka ngazini. Jokha aliutafuta mkato ule kwanza. Alipouona, akakaa kwenye kitanda cha pili bila kukaribishwa. Nje mtu alikuwa akikung'uta shuka.

"Umezeeka, dada," Rasha akasema.

"Tulikusalia."

"Najua."

"Mama amekufa."

"Najua. Nilikuja."

Jokha akamtazama bila kufahamu.

"Nlikuja matangani," Rasha akasema. "Nlijifunika uso, nkakaa ukumbini pembeni, karibu na ngazi. Ulipita na birika ya kahawa ukanimiminia. Ukanambia, pole bibi, umetoka mbali? Nkakuitikia kwa kichwa. Nlijua nkifungua mdomo utaijua sauti."

Jokha alijaribu kumkumbuka mwanamke yule wa karibu na ngazi, akashindwa. Siku ile alimimina kahawa kwa wanawake wangapi wasio na nyuso. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba vidole vyao viligusana kwenye kikombe naye hakusikia kitu.

"Mama hakula samaki tena," akasema. "Tangu boti lile. Sisi watu wa kisiwani, nini chengine tutakula? Lakini yeye hakuweka samaki mdomoni mpaka anakufa. Alikuwa akisema hajui wamekula nini kule chini. Na wewe ulikuwa hapa, unaoka mikate."

Rasha aliinamisha uso. Alilia bila sauti, kama mtu aliyejifunza kulia mahali ambapo kuta ni nyembamba.

Alipoweza kusema, alisema. Alifika bandarini na tiketi yake. Alisimama mstarini, na hatua chache mbele yake akamwona ndugu wa Zahran akipakia mzigo kwenye boti lile lile. Akatoka mstarini. Hakuwa na pa kwenda ila kwa Wanu, mwanamke aliyelala naye kitanda jirani hospitali alipovunjika mkono, ambaye aliwahi kumwambia kwamba hotelini kwao hawakosi kutaka mtu jikoni. Akapanda gari ya Bwejuu. Hotelini walimwomba kitambulisho, akatoa alichokuwa nacho. Asubuhi yake, akiwa anakanda unga, redio ikasoma majina.

"Nlisema nitapiga simu," akasema. "Wallahi nlisema. Nkasema kesho. Halafu nkasikia kwamba umekwenda bandarini ukanitaja mimi, na kwamba Zahran amelia msikitini. Na usiku ule, dada, nililala. Miaka minne nlikuwa sijalala usingizi wa kushiba. Nkasema niache nilale siku moja nyengine."

"Siku moja ya miaka tisa."

"Ndiyo."

"Ungenambia mimi peke yangu."

"Wewe?" Rasha akainua uso, na kwa mara ya kwanza palikuwa na kitu kikali machoni mwake. "Mara ya pili waliponirudisha, nani alinipeleka? Ulikuja na gari na sahani ya halwa, ukanikabidhi mlangoni, ukamwambia, shemegi, tunakuomba umvumilie."

Ilikuwa kweli. Hata rangi ya kitambaa alichofunikia halwa ile aliikumbuka.

Baadaye Rasha akauliza amejuaje, na Jokha akamweleza habari ya Mfuko, vile michango ya hotelini inavyohesabiwa kwanza, na vile kikomo kilivyojaa hata yeye akarudishwa na pesa zake.

"Sikujua," Rasha akasema. "Wenyewe wapya walitukusanya wakatwambia tutakatwa kidogo na wao watatutilia, ili tukizeeka tusiombe. Nlifurahi. Sikujua kama changu kinapunguza chako."

"Na ukizeeka hutapewa wewe. Nitapewa mimi. Umelifikiri hilo?"

"Nlilifikiri. Nkajiambia, basi, angalau nitakuwa nimemlipa dada tiketi yake."

Jokha alimwambia arudi mjini, watu waambiwe kweli, aibu ya siku mbili tatu ipite. Rasha akatikisa kichwa.

"Nkiwa hai mimi bado mke wake. Hakunipa talaka. Alinililia tu."

"Kuna kadhi. Mambo hayo siku hizi yanasikilizwa."

"Kwenda kwa kadhi lazima kwanza nisimame mbele yake Zahran. Nipe muda, dada. Mpaka mwaka uishe. Niache nijikusanye. Na usinipigie simu, nisije nkakuzoea nkashindwa kukaa."

Jokha akakubali. Hakujua kama anakubali kwa huruma au kwa sababu ya ile sahani ya halwa. Walipoagana hawakukumbatiana. Rasha alimpa mkate wa moto umefungwa kwa karatasi, na Jokha akaushika mapajani njia nzima mpaka mjini, mpaka ukapoa.

Wiki iliyofuata alirudi Mlandege.

"Ile kazi ya Bwejuu," akamwambia Shadya, "ni yangu."

Shadya akavitazama vidole vyake vilivyoiva weusi kwa udi. "Bi Jokha, juzi ulinambia hulijui hata lango lake."

"Juzi nlisahau. Nna kazi mbili. Andika ninachoruhusiwa kutia, kilichobaki nitarudi nacho nyumbani."

Shadya akapokea kile kidogo, akampa risiti.

Tangu hapo Jokha akawa na ada mpya. Kila mwanzo wa mwezi alipita ofisini akauliza kama mchango wa hotelini umeingia. Shadya akimjibu umeingia, alisema "alhamdulillahi" kwa namna ambayo haikulingana na kiasi chenyewe, akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa habari yake ya Rasha, kwamba amefika kazini, ameoka, yu mzima. Nyumbani alifungua chumba cha nyuma, akafagia, akatandika kitanda, akachoma udi. Mara nyengine akiwa jikoni alihisi mtu amesimama mlangoni nyuma yake. Zamani hisia hiyo ilimtia baridi. Sasa aligeuka kila mara, na kila mara palikuwa patupu, na ule utupu ukaanza kumuuma upya, kama kwamba msiba ndiyo kwanza umeingia.

Mwezi wa kumi na moja Shadya akamwambia haujaingia. "Mahoteli huchelewa," akasema. Jokha akarudi baada ya wiki, na wiki iliyofuata. Safari ya tatu Shadya akampa alichodhani ni bishara: hoteli imeleta michango ya watu wote, ila yeye ametolewa. "Kwa hiyo mwakani nafasi yote ni yako, Bi Jokha. Utatia utakavyo mpaka kikomo."

Kesho yake alikuwa Bwejuu. Safari hii mlinzi hakumtania. Wanu alitoka akiwa amejifuta mikono, akamkalisha kivulini nyuma ya jiko.

"Palikuwa na harusi," Wanu akasema. "Watu wa mjini, wakubwa. Walikodi hoteli nzima. Mwenzangu hakuwa na kazi ya kutoka mbele, lakini walizidi wageni, akapewa sinia la vitumbua apeleke. Miaka tisa, mimi namwita Jokha na kila mtu anamwita Jokha. Hata akiota namwita Jokha, anaamka. Basi akapita na sinia, na bibi mmoja mtu mzima, amekaa kitini, akamwita kwa nyuma. Rasha."

Wanu akageuka kutazama mlango wa jiko.

"Akageuka. Akasema, naam."

"Bibi gani?"

"Mrefu, ana fimbo, jicho moja jeupe."

Jokha alimjua. Alikuwa mama yake mdogo Zahran.

"Bibi yule akapiga ukelele mmoja akazimia, watu wakamkimbilia yeye. Mwenzangu akaweka sinia chini taratibu, akapita jikoni, akavua aproni akaitundika. Nkamuuliza, wenda wapi? Akanambia, nishajibu, Wanu. Hayo tu. Nguo zake nyingi zipo mpaka leo. Nlimtafuta Paje, Jambiani, mpaka Kiwengwa nlituma watu waulize kwa wanawake wa mwani. Hayupo."

"Hakuacha neno kwangu?"

Wanu alitazama chini. "Hakuacha."

Jokha alikaa pale mpaka maji yakaanza kujaa.

Siku chache baadaye Zahran alikuja dukani. Jokha hakuwa amemwona kwa karibu kwa miaka mingi. Ndevu zilikwisha kuwa nyeupe, na alisimama mlangoni kama mtu asiye na hakika kuwa sakafu itamshika.

"Mama yetu mdogo anasema amemwona marehemu," akasema. "Bwejuu, harusini. Amelala kitandani tangu siku ile, hali chakula. Anasema alimwita, akaitika."

Jokha aliendelea kukoroga jungu.

"Na wewe unasemaje?" akamuuliza.

"Mimi nimekuja kukuuliza wewe. Ni mdogo wako."

"Marehemu haonekani, Zahran. Labda yeye ndiye anayekuoneni."

Zahran akasema kwamba nyumbani kwake hapalaliki, kwamba mke wake wa sasa amekwenda kwao kwa khofu, kwamba akizima taa anasikia mtu akiitika naam chumba cha pili. Akaomba udi mzuri wa kufukizia nyumba. Jokha akamfungia kopo, akapokea thamani yake kama anavyopokea kwa mtu yeyote. Alidhani atafurahi kumwona vile. Hakufurahi. Alipoondoka alifunga duka, akakaa kizani, akafikiri kwamba yeye na mtu yule sasa wanamsubiri mtu mmoja, kila mmoja kwa sababu yake.

Hakumwambia mtu wa ukoo. Alikwenda hospitali zote mbili kubwa akauliza, akenda polisi akauliza kwa kuzunguka, akapiga simu Pemba kwa watoto wa shangazi. Hakuna aliyemwona. Kwa mara ya pili katika umri wake mdogo wake alikuwa amepotea bila kaburi, ila safari hii hapakuwa na wa kumpa pole.

Mwaka mpya ulipoingia alichukua bahasha iliyokaa kabatini, akaongeza ya msimu, akenda Mlandege. Shadya alifurahi kumwona.

"Leo nafasi tele, Bi Jokha. Tia yote, inaingia."

Jokha akahesabu, akagawa mafungu mawili. Moja akalisukuma mbele, la pili akalirudisha kwenye mtandio.

"Mbona hutii yote? Umri unakwenda, na mwakani huwezi kulipia nafasi ya mwaka huu. Ikipita imepita."

"Najua."

"Sasa?"

"Ile ya kazini ikija, nataka ikute nafasi."

Pengine Shadya alikwisha kufahamu zaidi ya alivyoonyesha. Hakuuliza jengine. Aliandika risiti, akaipiga muhuri, akampa kwa mikono miwili.

Mpaka leo Jokha hupita pale kila mwanzo wa mwezi. Amezeeka zaidi na hapandi tena ngazi za ofisi. Husimama chini mlangoni, na Shadya akimwona humtikisia kichwa kutoka nyuma ya kaunta, taratibu, kwamba haujaingia, naye hujitanda vizuri buibui lake akaendelea sokoni kununua sukari ya udi.